Magoti Yetu na Milima ya Mwanza

Mtu akitoka hospitali na habari kwamba viungo vyake vinasagika, ushauri wa kwanza anaoupata kutoka kwa ndugu na majirani ni kwamba sasa apumzike. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, na ndiyo maana ni vigumu kuukataa mbele ya anayeutoa. Hata hivyo, baada ya kuishi na magoti ya aina hii tangu nilipostaafu ualimu, na baada ya kuwaona wenzangu wa rika langu wakiingia kitandani mmoja mmoja kwa nia njema ya kulinda miguu yao, ninauona kuwa ushauri mbaya. Kinachopaswa kubadilika ni nyumba, ratiba ya siku na adabu zetu za kila siku, ili mwenye maumivu aweze kuendelea kutembea.

Wengi wetu huita kila maumivu ya viungo baridi yabisi, na jina hilo hukusanya magonjwa yasiyofanana. Huu ninaouzungumzia, ambao madaktari huuita osteoathritisi, hutokana na kulika kwa gegedu, ile tabaka laini na imara inayofunika ncha za mifupa pale inapokutana, na taratibu huathiri mfupa, misuli na kano zote zinazolizunguka eneo hilo. Asubuhi goti hukakamaa, kisha hulegea ndani ya nusu saa hivi baada ya mtu kuanza kutembea. Ukakamavu unaodumu kwa saa nzima au zaidi, hasa ukiambatana na vidole vilivyovimba mikono yote miwili, unahitaji daktari achunguze ugonjwa mwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa wakiishi na tatizo hili, asilimia 60 wakiwa wanawake, na goti ndicho kiungo kilichoongoza. Kwa hiyo anayeumwa magoti hapa Mwanza hakutupiwa kitu, wala hakukanyaga alichotegewa njiani.

Jambo ambalo lilinipa nafuu kubwa kulielewa ni kwamba picha ya eksirei na maumivu haviendi sambamba. Yupo mtu ambaye picha yake inamtisha daktari mwenyewe, naye anapanda mlima wa Bugarika na ndoo ya maji kichwani. Yupo mwingine ambaye picha yake haina la kutisha, lakini usiku halali. Maumivu hutegemea pia nguvu ya misuli ya paja, uzito wa mwili, usingizi na hata wasiwasi, na haya yote ni mambo ambayo mtu anaweza kuyagusa bila kusubiri muujiza. Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayobeba sehemu ya mzigo ambao goti lingeubeba peke yake, na misuli hiyo husinyaa haraka mtu anapokaa tu. Anayepumzika wiki nyingi huamka na goti lilelile, sasa likiwa na misuli dhaifu zaidi, kisha maumivu yanapoongezeka huthibitishiwa kwamba alipaswa kupumzika zaidi.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote halihitaji kifaa chochote. Unakaa kwenye kiti cha kawaida, unanyoosha mguu mmoja hadi goti linyooke kabisa, unaubana msuli wa paja kwa muda wa kuhesabu polepole hadi tano, kisha unaushusha bila kuubwaga. Kinachofuata ni kuinuka kitini na kukaa tena bila kujisukuma kwa mikono. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayana ubaya. Yakibaki yamezidi hadi kesho yake, siku inayofuata unapunguza, lakini huachi. Kwa kutembea, wenzangu kadhaa huchagua viwanja vya Furahisha asubuhi kwa sababu ni tambarare, jambo ambalo katika jiji hili la miamba si dogo. Wapo wanaoshauri kutembea ndani ya maji, na kweli maji hupunguza uzito unaolielemea goti, lakini maji ya kina kifupi ya ufukwe wetu wa Ziwa Victoria yana konokono wanaoeneza kichocho, na sioni faida ya kutibu goti kwa kukaribisha ugonjwa wa utumbo au ini.

Nyumbani ndiko kuliko na kazi kubwa zaidi. Choo cha kuchuchumaa ni mateso ambayo wazee hawayasemi kwa sababu ya haya, na nina hakika baadhi yao hupunguza kula na kunywa maji ili wasiende mara kwa mara. Fundi seremala wa mtaani kwetu alinitengenezea kiti kizito chenye tundu katikati na mikono ya kushikilia, kinachokaa juu ya tundu la choo, aliponiletea alikifunika kwa kanga na kuniambia, "Shikamoo mwalimu, nimekifunika watu wasije wakauliza maswali." Nilimwomba akifunue, na tangu siku hiyo majirani wameagiza vya kwao. Kigoda cha jikoni nacho nilikitoa, jiko la mkaa likapandishwa juu ya meza ya matofali, na dagaa sasa wanachambuliwa nikiwa nimekaa kwenye kiti chenye kimo cha goti. Kwenye ngazi za mawe, wakati wa kupanda hutangulia mguu usiouma, na wakati wa kushuka hutangulia ule unaouma. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande usiouma, ingawa kila ninayekutana naye njiani ameishika kinyume na hapendi kusahihishwa.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi. Jeli ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, inayopakwa juu ya goti ina madhara machache kuliko vidonge vyake, na vidonge hivyo vikimezwa mfululizo vinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa sisi wazee ambao tayari tunatumia dawa nyingine. Ninachokiogopa zaidi ni vile vidonge visivyo na jina vinavyouzwa kwenye vifuko, ambavyo humfanya mtu acheze ngoma siku ya pili. Nafuu ya kasi namna hiyo mara nyingi ni kazi ya dawa za jamii ya deksamethasoni, zinazotuliza uvimbe kwa nguvu, na zikitumiwa kiholela hupandisha sukari, hunenepesha na hudhoofisha mifupa. Kunenepa kwenyewe ni hasara kwa goti, kwa kuwa kila kilo moja anayoipunguza mtu hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua.

Lipo pia suala la heshima. Kwetu Usukumani mwanamke hupiga goti anapomwamkia mkubwa wake, na mimi ni mmoja wa wanaoipenda desturi hiyo. Lakini nimeona mama wa miaka sitini na kitu akishuka chini mbele ya wakwe huku uso umemkunjamana, na hakuna aliyemwambia ainuke. Wakubwa ndio wenye uwezo wa kumwondolea mtu wajibu huo, kwa kumwambia mapema asalimie akiwa amesimama au ameketi. Viongozi wa makanisa nao waseme waziwazi kwamba anayesali akiwa kwenye benchi hajapungukiwa ibada.

Upasuaji wa kubadilisha goti upo nchini, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili huufanya, lakini ni hatua ya wale ambao mazoezi, dawa na marekebisho ya nyumbani vimeshindwa kuwasaidia. Wengi wetu hatujafika huko, na tatizo letu ni kwamba tunatoka kliniki na bahasha ya vidonge pekee. Ukiwa bado umekaa mbele ya daktari, iwe ni hospitali ya Bugando, ya Sekou Toure au kituo cha afya cha kata, omba akuandikie barua ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na ukifika kwake umwombe akuangalie ukifanya zoezi lenyewe kabla hujaondoka.