Tasnifu Zenu Zinaishia Dar, Sisi Tuko Mwisho wa Reli

Jumamosi iliyopita nilialikwa Dar kwenye sherehe ya kumpongeza mtu aliyehitimu PhD ya afya ya jamii. Ukumbi una viyoyozi, tarumbeta zinalia, keki ya ghorofa tatu, MC anatusimamisha kila Dokta anapotoka maliwatoni. Sina kinyongo na sherehe. Mtu aliyesota miaka yote ile na msimamizi asiyejibu barua pepe apigiwe hata mizinga. Kilichonichefua ni bango. Chini ya picha yake waliandika mada ya tasnifu, Kiingereza mistari minne, na mwisho wa mstari wa nne, kama mkia wa mbuzi, likaning'inia jina la wilaya yetu ya huku Kigoma.

Wakati wa kupiga picha nikamsogelea. "Hongera sana, Dokta. Na kule vijijini ulikochukua takwimu, umewarudishia nini?" Akacheka vizuri tu. "Ah, kaka, ipo mtandaoni. Yeyote anaweza kuipakua."

Yeyote! Nikawawaza mama zangu wadogo wa ukanda wa ziwa, kitochi mkononi, wakipakua mamia ya kurasa za Kiingereza ili wajue kwa nini watoto wao wanaugua.

Sisi wa mwisho wa reli tumehojiwa, jamani. Tumehojiwa malaria, tumehojiwa uzazi, tumehojiwa vyoo. Kipindupindu cha 2015 kilipolipuka Kagunga, kijiji cha mpakani, Warundi waliokimbia kwao wamejaa ufukweni na meli ya MV Liemba inawasomba kuwaleta mjini, madaftari hayakuwa mbali. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta nazo zimewalisha watafiti wa kila rangi. Na siwezi kusema yote ni bure, nisije nikaonekana mpinga sayansi. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 ulipima watoto wa chini ya miaka mitano ukakuta Kigoma asilimia 24 wana vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Namba kama hiyo ndiyo inayompa mtu nguvu ya kugonga meza kudai vyandarua na dawa. Haya, nimekubali. Tuendelee.

Kabla sijawa mwanaharakati wa kibodi niliwahi kula posho ya kukusanya takwimu. Nilipewa kishikwambi, fulana na katoni ya sabuni za kuwagawia waliokubali kuhojiwa, kipande kimoja kwa kaya. Tukapelekwa vijiji vya kaskazini mwa mji, kule unakopita Gombe kwenda mpakani. Wanaopajua wanajua: mlima umeshuka mpaka majini, wakati ule gari halikufika, usafiri ulikuwa boti. Dodoso likauliza: unatumia usafiri gani kwenda kituo cha afya chenye huduma ya upasuaji? Miguu, baiskeli, pikipiki, gari, nyingine. Kisha: dakika ngapi?

Mama mmoja akaniangalia, akaangalia ziwa, akasema, "Mwanangu, hiyo utaliuliza ziwa. Likitulia tunafika. Likichafuka mjamzito analala hapa hapa na uchungu wake." Kishikwambi hakina kitufe cha ziwa kuchafuka. Nikabonyeza "nyingine", kwenye dakika nikaandika makadirio yaliyompendeza msimamizi wa timu, tukahamia nyumba ya pili. Ufukwe mzima ukaingia kwenye "nyingine". Na kwenye uchambuzi mnajua kinachotokea: "nyingine" ikiwa chache inaunganishwa na kitu kilicho jirani nayo, jedwali lipendeze.

Halafu wanaume. Tulienda wakati wa giza, na wakati wa giza mvuvi wa dagaa anashinda amelala na usiku yuko majini na taa zake. Mbalamwezi ikikaa sawa ndipo anapumzika, anashona nyavu, anapatikana. Hata mtoto wa darasa la pili kule angekwambia uje lini. Hakuna aliyeulizwa. Sitashangaa nikisoma mahali kwamba wanaume wa mwambao wa Tanganyika wana mwitikio mdogo katika masuala ya afya ya familia, na mapendekezo yakasema waelimishwe.

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Watu wakisema matokeo yarudishwe kijijini, wasomi wanasikia ombi la adabu, kitu cha kufanya bajeti ikibaki, kipeperushi chenye picha ya mama anayetabasamu. Mimi sizungumzii adabu. Nazungumzia ukweli wa kazi yenyewe. Tasnifu ya afya ya kijiji ambayo haijasomwa mbele ya kijiji haijakaguliwa. Imepita kwa msimamizi, imepita kwa mtahini wa ndani na wa nje, na wote watatu huenda hawajawahi kupanda boti pale Kibirizi, zinakoondokea boti za vijiji hivyo. Mtu pekee ambaye angenyoosha mkono akasema "hapo si kweli" hakualikwa.

Wenzetu wamejifunza kwa kuumia. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, walichukua damu ya Wahavasupai, kabila dogo linaloishi chini kabisa kwenye bonde la Grand Canyon. Waliambiwa inatafutwa sababu ya kisukari kilichokuwa kinawamaliza. Damu ile ikaja kutumika kwa mengine: maradhi ya akili, ndoa za ndugu, na kabila lenyewe lilihamia kutoka wapi, jambo linalogongana na imani yao kwamba chimbuko lao ni bonde lile lile. Mnajua ilivyogundulika? Mwaka 2003 Carletta Tilousi, binti wa kabila hilo aliyekuwa akisoma chuo hicho hicho, alikwenda kusikiliza mtu akiwasilisha tasnifu yake ya udaktari iliyotumia damu ya watu wake. Akauliza kama walikuwa na ruhusa. Swali moja hilo. Mwaka 2010 chuo kikakubali kulipa dola 700,000, na damu iliyobaki wakaichukua wenyewe kuirudisha bondeni.

Sasa piga picha utetezi wa tasnifu pale Dar, kiti cha nyuma kabisa kakaa mzee wa Mwamgongo, kijiji cha ule ufukwe wetu, na kofia yake. Mnafikiri maswali yangekuwa yale yale ya "kwa nini umetumia nadharia hii na si ile"?

Taifa la Wanavajo, wenyeji asilia wengine wa Marekani, lina bodi yake ya kupitia tafiti, na usipopita hapo huchapishi. Wasan, wenyeji asilia wa Afrika Kusini, walitoa kanuni zao za maadili ya utafiti mwaka 2017. Kule Bozeman, Marekani, Montana State University ina PhD nzima ya afya ya wenyeji asilia na ya vijijini. Najua hapa kwetu serikali haitaki kusikia kabila moja ni asilia kuliko jingine, na sina haja ya kufungua kesi hiyo leo. Muha, Mtongwe, Mbembe, Mmanyema wa Ujiji, wote mnawachoma sindano ile ile.

Na tusidanganyane kwamba utaratibu haupo. Mtafiti akija anabisha hodi kila mlango: kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, barua ya mkoa, barua ya mkurugenzi, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji akiwa amevaa shati jipya. Barua nilizowahi kushika zinadai nakala ya chapisho iende NIMR na Wizara ya Afya. Kijiji kimetajwa sehemu moja tu: pa kuingilia. Halafu tunashangaa uvumi wa mumiani haufi. Umekuja, umemtoboa mtoto wangu kidole, umeondoka na damu, umeniachia sabuni. Nami nibaki nawaza nini?

Dawa yangu haihitaji mfadhili. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Mtahiniwa aje, asimame, aseme kwa Kiswahili alichokikuta, na penye haja mtu amgeuzie Kiha. Watu wabishe. Muhtasari uandikwe, yale waliyokataa yaandikwe, mtendaji agonge muhuri, na bila muhtasari ule chuo kisipange tarehe ya utetezi. Kwa nchi hii ambayo huwezi kupata hata barua ya benki bila muhuri wa mtendaji, sioni kwa nini PhD iwe na msamaha.

Mtasema watu hawataelewa. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakalisha watu wanaokadiriwa kufika milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadili malaria na vyoo, wengi wao ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Walielewa, na vyoo walichimba. Asiyeeleweka huwa ni msemaji.



Mtasema pia ufadhili umeisha, mwanafunzi ana deni, familia inalia. Hilo naliamini, hali za wanafunzi wa uzamivu nazijua. Lakini kwa tarumbeta za Jumamosi tu, watu wawili wangekwenda Mwamgongo na kurudi, na chenji ya kununulia samaki wetu mgebuka ingebaki. Boti zinaondoka Kibirizi mchana. Dokta akija tena bila fungu anipigie, nauli tutachanga, na mkutano nitamwombea mimi mwenyewe kwa mwenyekiti. Maswali ndiyo sitamsaidia kujibu.