Ngozi ya sato kwenye jeraha la moto: nafuu iko wapi?

Picha za mgonjwa aliyefunikwa mkono kwa ngozi ya samaki zimezunguka sana mitandaoni, na maneno yanayoandamana nazo ni yale yale: ngozi ya sato huponya majeraha ya moto upesi. Hilo neno "upesi" ndilo linalonikera.

Utafiti wenyewe si uzushi. Ulifanyika Fortaleza, Brazil, na daktari Edmar Maciel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará. Ngozi husafishwa kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, hutiwa gliseroli ya kuihifadhi, kisha hupigwa mionzi ya gama ili kuua vijidudu. Katika jaribio lao la awamu ya tatu, lililochapishwa 2021, wagonjwa walikuwa 115. Waliofungwa ngozi ya sato walipona kwa wastani wa siku 9.7, waliopakwa silva salfadiazini, krimu yenye madini ya fedha inayotumika sana kwa majeraha ya moto, siku 10.2. Tofauti ni nusu siku tu.

Nafuu kubwa iko kwingine. Krimu lazima ioshwe na kupakwa upya, tena na tena, na kila mara kidonda huchokonolewa. Ngozi ya samaki hugandamana na jeraha na kuachwa hapo. Aliyewahi kusikia mtoto akilia saa ya kubadilishwa bandeji hatalidharau jambo hilo hata kidogo. Gharama nazo zilipungua.

Hata hivyo, mpinzani aliyeshindwa hapo, yaani krimu, ni dhaifu. Mapitio ya 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikuwa yameshaonyesha kwamba krimu hiyo huchelewesha kupona ikilinganishwa na vifungio kadhaa vya kisasa. Isitoshe, mgonjwa anajua kabisa amefungwa nini, na maumivu hupimwa kwa kumuuliza yeye mwenyewe. Matumaini yake yanaweza kuingia kwenye jibu. Halafu majeraha yale yalikuwa ya juu juu. Ngozi ikiungua hadi chini kabisa, mgonjwa bado anahitaji kupandikizwa ngozi.

Mimi nataka jaribio hili lifanyike Afrika Mashariki. Majeraha ya moto huua watu wapatao 180,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na kwetu wodi zimejaa watoto waliomwagikiwa uji au maji ya moto. Lakini lipimwe dhidi ya bandeji iliyopakwa vaselini, inayopatikana kwa urahisi, na kwa kidonda cha mtoto. Hesabu ya gharama pia ianze upya. Brazil sato hukatwa minofu na ngozi hubaki taka. Mwanza na Kisumu anakaangwa mzima na kuliwa na ngozi yake, kwa hiyo si kweli kwamba ngozi ni ya bure.

Na kabla ya yote hayo, wauguzi wawaambie wazazi waziwazi: ngozi mbichi kutoka sokoni ina bakteria, isiwekwe kwenye kidonda. Mtoto akiungua, sehemu ile iwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali.