Alama 25 ambazo watu hawazioni kwenye mashindano ya sayansi

Kila mashindano ya sayansi ya wanafunzi yakiisha na picha za washindi zikaanza kusambaa, hazipiti siku mbili utasikia lile swali: haya, vifaa vya washindi wa mwaka jana viko wapi? Nani anavitumia? Na kwa kuwa jibu mara nyingi ni kwamba viko kabatini, au betri zake zilishang'olewa zikawekwa kwenye kitu kingine, aliyeuliza anajiona kamaliza mjadala. Eti tunawadanganya watoto, tunawaita wavumbuzi wakati walichofanya ni kuunganisha sensa, yaani kifaa cha kuhisi, na kengele, wanapigiwa makofi, wanavishwa medali, basi.

Sio kwamba hawa watu hawana hoja. Wanayo, tena nzito, nitaifikia. Ila lile swali la kifaa kiko wapi naona ni kugonga mlango wa jirani.

Chukua ISEF, mashindano ya kimataifa ya sayansi na uhandisi, makubwa kuliko yote ya sekondari duniani, yaliyoanza Marekani mwaka 1950 na siku hizi yanakusanya wanafunzi zaidi ya 1,500 kutoka nchi zaidi ya 60. Alama ni 100. Kwenye miradi ya uhandisi, tatizo lenyewe lina alama 10, mbinu na usanifu 15, kutengeneza na kupima 20, ubunifu 20. Jumlisha, unapata 65. Zile 35 zilizobaki ni za uwasilishaji, na ukizipasua ndani unakuta bango lina 10 tu, mahojiano na majaji yana 25. Yaani hakuna kipengele kinachobeba alama nyingi kama mtoto kukaa na kuongea na watu.

Ukiiona hiyo 25 mara ya kwanza unasema si unaona, anashinda mwenye mdomo. Na mi niliamini hivyo muda mrefu kweli, nikawa nasema hata mbele za watu, kwamba haya ni mashindano ya kuhutubia yaliyovalishwa koti la maabara. Nilibadilika baada ya kukaa upande wa majaji mara kadhaa. Yule mtoto ambaye mjomba wake fundi ndo kamtengenezea kila kitu anaanza vizuri sana, dakika tatu za kwanza maneno yanatiririka, afu unamuuliza kwa nini rizista hii (kile kipande cha kupunguza umeme) na sio ile, ulipima mara ngapi, ni kipimo gani kilikuangusha, ungepewa mwezi mmoja zaidi ungebadilisha nini. Anarudi kwenye mstari wa kwanza wa bango. Unauliza tena kwa njia nyingine, anarudi palepale. Na meza ya pili yuko mwingine anayesitasita, sentensi hazimaliziki, lakini ukimuuliza kuhusu lile doa jeusi kwenye ubao wa saketi anakueleza namna alivyoichoma ya kwanza, namna alivyodhani ni waya kumbe ni volti, na kwa nini ya tatu ndo imesimama. Huyo huwezi kumbabaisha. Bango linaweza kuandikwa na mjomba na kifaa kikaundwa na mjomba, ila mjomba haruhusiwi kusimama pale.

Sasa jiulize mtoto anapata wapi tena kitu kama hicho. Kwenye mtihani wa kawaida anayesahihisha ana majibu mkononi, mwanafunzi kazi yake ni kukisia kilichoandikwa kwenye karatasi hiyo ya majibu. Pale mezani mtu mzima anauliza kwa sababu kweli hajui, na pekee anayejua ana miaka 16. Hiyo ndo bidhaa ya mashindano, na huwezi kuipiga picha ukaiuliza iko wapi mwaka unaofuata.

Kuna tundu hapo, sikatai. Mtoto anaweza kuijua kazi yake hadi mzizi halafu akahojiwa kwa lugha ambayo anaisikia darasani tu, na hapo zile alama 25 zinageuka mtihani wa lugha. ISEF wanaweka wakalimani. Mashindano madogo mengi hayana hata wazo hilo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kifaa kilichokufa. Mwaka 1999 huko Ireland binti wa miaka 16, Sarah Flannery, alishinda mashindano ya kitaifa ya wanasayansi vijana kwa algorithimu, yaani hatua za kihesabu, ya kuficha ujumbe, akaiita Cayley-Purser. Ilikuwa na kasi kubwa kuliko RSA, mfumo uliokuwa umezoeleka, na magazeti yakapagawa kama kawaida yao, watu wakaanza kumhesabia utajiri. Baadaye ikaonekana ina ufa: taarifa ambazo mfumo wenyewe unazitangaza hadharani zinatosha kumwezesha mtu kufungua ujumbe bila kuwa na ufunguo wa siri. Kwisha. Kwa kipimo cha wale wa kifaa kiko wapi, hii ni hadithi ya kuchekesha. Lakini angalia alichofanya, hakuuficha ule ufa, kwenye maandishi yake ya kuielezea algorithimu kuna sehemu ya nyongeza inayoonyesha jinsi ya kuivunja, na Septemba mwaka huohuo akashinda pia mashindano ya wanasayansi vijana ya Umoja wa Ulaya. Kuna wasomi wazima na digrii zao hawawezi kufanya hivyo, wakikuta ufa wanabadilisha mada.

Haya, upande wa pili. Mwaka 2012 zawadi kuu ya ISEF, dola 75,000, ilikwenda kwa Jack Andraka, miaka 15, kwa kipimo cha karatasi kinachotafuta protini ya mesothelin ili kugundua saratani ya kongosho. Dunia nzima ikaandika kana kwamba kipimo kiko tayari hospitalini. Watafiti wakaanza kuuliza maswali yao ya kawaida, kwamba kazi haijapitia uhakiki wa wanasayansi wengine kwenye jarida, kwamba protini hiyo huongezeka hata kwenye saratani nyingine. Hapo lawama simpi mtoto, alileta matokeo ya awali na matokeo ya awali ndo kitu ambacho mtu wa miaka 15 anaweza kuleta. Waliokosea ni watu wazima waliochukua hatua ya kwanza wakaitangaza kama ya mwisho, na hundi kubwa namna ile inasaidia sana kosa hilo litokee. Kama kuna kitu ningekipunguza ni ukubwa wa zawadi ya mtu mmoja, zile hela zigawanywe ziwarudishe watoto 50 maabara kwa mwaka wa pili.

Na kwenye hadithi hiyohiyo kuna hoja nzito niliyoiahidi. Andraka mwenyewe anasimulia kwamba aliandikia maabara karibu 200 akiomba nafasi, zote zikamkatalia isipokuwa moja. Watu huisimulia kama habari ya kutokata tamaa, sawa, lakini mimi nasikia kingine: kumbe zilikuwepo maabara 200 za kumkatalia. Kuna mtoto ambaye hana hata moja ya kumkatalia. ISEF wanajaribu kuziba, mradi uliofanyika kwenye taasisi ya utafiti lazima uwe na fomu iliyojazwa na msimamizi kueleza mwanafunzi kafanya nini hasa, na fomu hiyo inabandikwa pale kwenye meza kila mtu aione. Inasaidia kiasi. Hadubini ya elektroni bado inabaki hadubini ya elektroni, na aliyetumia kikombe na rula anajua hilo akipita tu mbele ya meza ya mwenzake.

Halafu kuna hili neno uvumbuzi lenyewe, ambalo nadhani linawaharibia watoto wengi kuliko hata ukosefu wa vifaa. Ukiwaambia vumbueni kitu, utaletewa fimbo ya wasioona yenye sensa. Karibu kila mashindano ipo, wakati mwingine tatu. Sensa inarusha mawimbi ya sauti, yakigonga kitu yanarudi, fimbo inapiga kelele. Inafanya kazi vizuri tu, tatizo ni kwamba ukuta ulio mbele hata fimbo ya kawaida inaugusa, kinachomsumbua mtumiaji ni kile ambacho fimbo haikigusi, kwa mfano tawi lililoning'inia usawa wa uso, na sensa imefungwa chini inaangalia miguu. Inaonekana kabisa mtengenezaji alifumba macho chumbani kwake akawaza.

Louis Braille alikuwa na miaka 15 mwaka 1824 alipopata mfumo wake wa nukta za kusomwa kwa kidole. Alianzia kwenye mfumo wa mtu mzima anayeona, Charles Barbier, uliotumia hadi nukta 12 kwa alama moja, nyingi mno kuenea chini ya ncha ya kidole mara moja. Braille, asiyeona, akazishusha hadi 6. Hakuna aliyemwambia avumbue, alikuwa anakasirishwa na kitu kilekile kila siku kwenye kidole chake mwenyewe.

Ndo maana kwenye zile alama 10 za tatizo siku hizi nauliza kitu kimoja tu: mwenye tatizo hili ni nani, na alisemaje ulipompelekea? Wengi wananyamaza. Mmoja, wa fimbo vilevile, alinijibu kwamba ya kwanza alimpelekea bibi yake asiyeona, bibi akaitembeza kidogo akamrudishia, akasema inapiga kelele mpaka hasikii magari, kwa hiyo hii ya pili hailii, inatetemeka.