Gari ya Paje Ipo, Acheni Kumwambia Mgeni Haipo

Wiki iliyopita dada mmoja wa Dodoma, rafiki wa familia yetu, alipiga simu kwenye hoteli ya Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, Zanzibar, aliyokwisha kuilipia. Aliuliza jambo la kawaida kabisa: nikishuka uwanja wa ndege, napanda gari gani kufika huko? Akajibiwa kwamba usafiri wa umma hakuna. Kuna teksi ya hoteli, dola 40, au akodi gari aendeshe mwenyewe. Alinipigia akiwa amenywea, anataka kuahirisha safari. Hasira zilizonipanda siku ile hazijashuka bado.

Hakuna? Na yeye aliyepokea simu, kazini alifika na nini? Wapishi, walinzi, wafua mashuka na wahudumu wa hoteli za mashariki na kaskazini wanapanda gari za shamba, yaani daladala za kutoka mjini kwenda vijijini, asubuhi na jioni. Gari namba 309 inakwenda Jambiani, 324 inakwenda Bwejuu, na zote mbili lazima zifike Paje kwanza. Anayekwenda Nungwi anapanda 116, wa Matemwe anapanda 118. Namba ziko mbele ya gari, na utingo anaita njia nzima. Hata uwanja wa ndege una gari yake, 505, inayokwenda mjini. Kwa hiyo mgeni wa Paje anapanda 505, anateremka mjini, anaulizia gari ya Paje, na nauli zote mbili ni za shilingi, tena shilingi chache. Uwanja wenyewe uko kilomita chache tu kutoka mjini.

Kinachoniuma si dola 40 za mtu mwenye nazo. Kinachoniuma ni kwamba tumeamua kila anayetoka kwenye mlango wa kuwasili ni mtalii wa nje, na kila mtalii wa nje ana pesa za kumwaga. Ndege za kutoka Dar zinaleta walimu, wauguzi, wanafunzi, watu wanaokwenda kuzika, mama anayekwenda kumwangalia mwanawe aliyepata kazi Kiwengwa. Hawa nao wanataka kuiona bahari ya mashariki kabla ya kufa. Mtanzania anayejinyima mwaka mzima ili aje kupumzika siku tatu akipewa bei ya teksi kwa dola, tumemwambia kwa upole kwamba hapa si kwao. Mimi nakataa. Hapa ni kwao.

Na wa nje pia, wale vijana wenye mabegi mgongoni, wana haki ya kuambiwa ukweli. Wakipanda 309 watapita Mwanakwerekwe sokoni, watapita Tunguu, watakaa goti kwa goti na bibi anayerudi na kapu lake la samaki, na pale msitu wa Jozani gari itapunguza mwendo kwa matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, wanaovuka barabara. Nimewaona abiria wakimwelekeza mgeni dirisha la kutazamia. Teksi yenye vioo vya giza haina hayo. Na nauli ile inabaki kwa dereva na utingo wa Unguja.

Sawa, nakubali mambo mawili. Ukiwa na watoto wadogo na masanduku makubwa, teksi ni bora, ingawa mizigo ya gari za shamba hupandishwa juu na kufungwa vizuri. Na gari hizi haziendi haraka. Hadi zijae, hadi kila mtu ashushwe mlangoni pa shangazi yake, saa mbili zinaweza kupita. Mwenye haraka alipe.

Habari ya kukodi gari siitilii maanani. Mgeni asiyejua njia, anayetafuta kibali cha kuendesha Zanzibar, anayesimamishwa na askari barabarani, amekuja kupumzika au kufanya mtihani?

Ninachotaka ni kibao. Kibao kimoja kikubwa nje ya mlango wa kuwasili, kwa Kiswahili kwanza, chenye namba za gari, mahali pa kusimama na nauli halali ya mwaka huo. Stendi zenyewe zimehamishwa. Stendi ya Darajani, pale mjini, ilipofungwa kupisha ujenzi, gari zikaenda Kijangwani, mjini humo humo, na hata sisi wenyeji tukaulizana. Mtu wa Dodoma atajuaje? Tumejenga jengo la tatu la abiria pale uwanja wa ndege, zuri kweli kweli, najivunia kila nikipita. Mbao na rangi za kibao hazitatushinda.

Halafu ratiba. Jioni gari za shamba huadimika, na usiku hazipo. Anayeshuka kwenye ndege ya wakati wa magharibi hana ujanja, teksi itamchukua, na hapo simlaumu wa hoteli kwa kumwambia hivyo. Lakini wenye gari za Nungwi na za Paje, kaeni na wenzenu wa uwanjani mpange hata gari moja moja kila njia isubiri mpaka baada ya isha. Abiria mtawapata. Wafanyakazi wa uwanja wanaoishi shamba watakuwa wa kwanza kupanda.