Kabla ya andiko, mhasibu

Ruzuku mpya ya masuala ya haki ikitangazwa Marekani, mashirika madogo ya mitaani huitwa kwenye semina ya kuandika maombi. Semina hizo zina faida yake, lakini naona tunaanzia mkiani. Watu wanaokesha na vijana ili kisasi kisilipizwe, au wanaompokea mfungwa siku anapotoka gerezani, wanajua kuieleza kazi yao. Wanachokosa ni mtu wa hesabu.

Tazama safari yenyewe. Kwanza shirika lijisajili SAM.gov, mfumo wa serikali kuu, lipate utambulisho wenye herufi na tarakimu 12. Usajili ni bure, ila huhuishwa kila mwaka, na jina au anwani isipolingana na hati, mambo hukwama. Kisha Ofisi ya Programu za Haki, iliyo chini ya Wizara ya Sheria, hupokea maombi kwa hatua mbili: fomu za awali kupitia Grants.gov, halafu andiko kamili na bajeti kupitia JustGrants, kila hatua na tarehe yake ya mwisho. Palipo na wafanyakazi watatu, mkurugenzi akishinda mahakamani na kijana mmoja siku hatua ya kwanza inapofungwa, nafasi imepotea.

Na ruzuku ikipatikana, kazi ndiyo inaanza. Mfanyakazi anayelipwa kutoka ruzuku mbili, saa zake lazima ziandikwe kufuatana na kazi aliyoifanya kweli kwa kila mradi; makadirio ya bajeti hayatoshi. Mkaguzi asipoikuta kumbukumbu hiyo, gharama ya mshahara ule inaweza kukataliwa, shirika likatakiwa kurudisha fedha ambazo mtu alishalipia kodi ya nyumba. Ndiyo maana nikisikia habari za kujenga uwezo, nauliza nani atashika vitabu, na atalipwa na nani.

Sehemu ya jibu ipo tayari. Tangu Oktoba 2024, shirika ambalo halijaafikiana na serikali kiwango chake cha gharama za uendeshaji linaweza kudai hadi asilimia 15 ya sehemu kubwa ya gharama za moja kwa moja kwa ajili ya uendeshaji. Awali ilikuwa 10. Mashirika mengine huacha kudai yakidhani yatapendwa zaidi. Yadai. Mhasibu ni sehemu ya haki inayotafutwa.

Naunga mkono pia utaratibu wa shirika kubwa kupokea ruzuku, kuwagawia wadogo na kukaa nao mezani mwezi hadi mwezi. Mpango wa kuzuia vurugu mitaani ulioanza 2022 uliupa nafasi utaratibu huo. Sharti langu ni moja: mkataba utaje mwaka ambao shirika dogo litaomba lenyewe. Bila hivyo, mkubwa anageuka mlinda mlango wa kudumu.

Kuna jambo semina hulipita haraka mno. Aprili 2025 Wizara ya Sheria ilivunja mamia ya ruzuku kabla ya muda wake kwisha, na waliokuwa kazini mitaani wakabaki bila mshahara. Fedha za ruzuku ya serikali huwezi kuziweka akiba. Akiba hutoka kwenye michango na mifuko ya hisani. Kwa hiyo anayefadhili mafunzo ya kuomba ruzuku, aweke pia fungu lisilofungwa na mradi wowote, la kulipa mishahara ya miezi michache siku barua ya kusitisha inapofika.