Hati bado ina jina la babu

Mwandishi umesema familia maskini hazibadilishi jina la nyumba ya urithi kwa uzembe. Hapana, ndugu yangu. Nyumba yetu hapa Ngamiani, Tanga, vyumba sita na banda la uani, hati yake imo kwenye mfuko wa rambo chini ya godoro la shangazi, mchwa wameila pembeni, namba ya kiwanja unaisoma kwa kubahatisha. Babu kafa, baba kafa, mirathi haijafunguliwa hata moja.

Kinachokwamisha si ada ya Mahakama ya Mwanzo. Ni kukutanisha ukoo umpendekeze msimamizi wa mirathi, yaani mtu wa kukusanya na kugawa mali ya marehemu: huyu yuko Mombasa, yule Pemba, na anayekula kodi ya vyumba vya mbele hataki kikao (tunamjua, tumenyamaza tu). Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017. Basi wasaidizi wa kisheria waje wakae barazani na wazee, muhtasari wa kikao cha ukoo uandikwe hapo hapo. Na waseme wazi: msimamizi wa mirathi si mwenye nyumba, anatakiwa arudishe hesabu mahakamani ndani ya miezi minne. Jirani yetu hakulijua hilo. Alipokuja kushtuka, kaka yake, msimamizi, keshauza nyumba.