Makalio ya Cupid na msimamo wa ligi

Mteja alitaka nakala ya "Venus na Cupid", yaani mungu wa kike wa mapenzi na mwanawe, ya mchoraji Bronzino wa Italia, ule mchoro wa miaka ya 1540 uliopo National Gallery, London. Asili ni ubao wa sentimita 146 kwa 116. Nikapunguza nusu: kanvasi ya 73 kwa 58, miraba kwenye picha, miraba kwenye kanvasi, nikahamisha mmoja mmoja.

Balaa lilianzia kwa yule binti wa nyuma, mwenye sura ya malaika na mkia wa nyoka. Upande huu kashika sega la asali, upande ule mwiba wa mkia wake. Natazama vizuri, naona kiganja cha kushoto kimeota kwenye mkono wa kulia, na cha kulia kwenye wa kushoto. Nikajua nimepitiwa. Nikapangusa kwa tapentaini, nikamrekebisha.

Mteja alipochungulia, alicheka mpaka akatafuta kiti. "Fundi, umemsahihisha Bronzino? Huyo ndiye ulaghai mwenyewe. Mikono imepinduliwa makusudi!"

Kumrudishia binti kilema chake kukanila siku nzima. Zikabaki siku tatu za kukabidhi, na Cupid bado, makalio nje kama alivyobinuliwa na Bronzino mwenyewe. Ngozi za Bronzino ni kazi: laini kama kaure, alama ya brashi huioni. Tabaka la kwanza la rangi hukondeshwa kwa tapentaini, kila linalofuata huongezwa mafuta kidogo. Ukigeuza mpangilio, la juu hukauka kabla ya la chini, likapasuka.

La mwisho ndilo lenye mafuta zaidi, na chupa ya mafuta ya kitani ilikuwa tupu. Nikaingia jikoni.

Sasa, mafuta ya kitani hayakauki kwa kuvukiza kama maji. Hufyonza oksijeni ya hewani yakawa utando mgumu. Mawese hayana habari hiyo. Yatakaa hivyo hivyo hata mwaka, yakikungoja uyagusie chapati.

Siku ya tatu niligusa pembeni, kwenye kitambaa cha buluu nilichopaka wiki mbili nyuma kwa kitani halisi. Pakavu. Nikaifunga picha kwa gazeti, nikakaza kamba, nikakabidhi.

Jioni mteja akarudi nayo. Gazeti alilibandua taratibu, lakini kalio la Cupid lilikuwa limeshachapwa msimamo wa ligi, nafasi ya nne hadi ya tisa, herufi zikisomeka kinyumenyume.

"Na haya, fundi, nayo yamepinduliwa makusudi?"